Daftari Lilikuwa Mikononi mwa Nani? Maisha ya Kila Siku katika Mji wa Indianola, Mississippi

Utangulizi

Muhula uliopita, katika somo la fasihi linganishi, mwanafunzi wa mwaka wa pili aliuliza swali lililoliangusha darasa zima kwa kicheko: "Mwalimu, hivi Marekani nako kuna vijiji?" Nami nilicheka. Lakini nilipofika ofisini niliona kwamba swali lile lilikuwa la haki. Wanafunzi wetu wanaijua Marekani ya maghorofa na ya filamu. Wakikutana katika riwaya na mji mdogo wa Kusini, wenye barabara ya vumbi, kanisa la mbao na watu wanaodaiwa na mwenye duka, hudhani mwandishi ametia chumvi. Makala hii ni jaribio la kumjibu mwanafunzi yule.

Nimechagua mji mmoja tu, nao ni Indianola, makao makuu ya wilaya ya Sunflower (yaani Alizeti) katika jimbo la Mississippi. Sababu zangu ni mbili. Kwanza, mji huu mdogo ulichunguzwa na wataalamu wawili katika miaka ya 1930. Hortense Powdermaker, mwanaanthropolojia aliyesomea London, aliishi hapo kati ya mwaka 1932 na 1934, akachapisha kitabu chake mwaka 1939. John Dollard alifuata, na kitabu chake kikatoka mwaka 1937. Wote wawili waliuficha mji kwa majina ya kubuni ili kuwalinda wenyeji. Baadaye, katika miaka ya 1950, Powdermaker alikuja Afrika akafanya utafiti katika mji wa migodi wa Luanshya, katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Sababu ya pili ni pamba. Katika miaka ya 1990, kilimo cha pamba kilipofufuka nchini Uganda, mimi nilikuwa mtoto Busoga. Mama yangu alikuwa akinichukua kwenye kituo cha kununulia, si kwa sababu nilikuwa na nguvu za kubeba gunia, bali kwa sababu nilijua kusoma mizani. Yeye hakujua. Karani hakupenda kuniona nimesimama pale, na mama alilijua hilo. Ndiyo maana alinileta. Nilipoanza kusoma habari za Indianola, niliikuta mizani ileile na karani yuleyule, ila huko mambo yalikuwa makali zaidi.

Hoja yangu ni kwamba hali ya maisha ya mji ule haielezeki kwa ukosefu wa mali peke yake. Mambo makubwa ya maisha ya mtu mweusi pale (deni lake, shule ya mwanawe, kura yake) yaliandikwa katika daftari, na daftari hilo lilikuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Mji na reli yake

Indianola iko katika eneo liitwalo Delta. Msomaji asidhani kwamba ni mdomo wa mto kama delta ya Rufiji. Ni uwanda tambarare ulio kati ya Mto Mississippi na Mto Yazoo, wenye udongo mweusi wa mafuriko ya karne nyingi. Udongo huo ulifaa sana kwa pamba, na pamba ndiyo iliyoleta reli, mikopo na watu. Watu weusi, wajukuu wa watumwa, walikuwa wengi kuliko weupe wilayani.

Wakati wa Powdermaker mji ulikuwa na wakazi wapatao 3,000. Reli ilipita katikati. Upande mmoja kulikuwa na nyumba za weupe, zenye barabara za lami, taa na mabomba ya maji. Upande wa pili kulikuwa na mitaa ya weusi, yenye njia za udongo ambazo mvua ikinyesha hazikupitika. Asubuhi wanawake weusi walivuka reli kwenda kupika, kufua na kulea watoto katika nyumba za weupe, na jioni walirudi. Waliingia kwa mlango wa nyuma. Hivyo mwanamke mweusi aliyajua mambo yote ya nyumba ya mwajiri wake, wakati mwajiri hakuyajua ya kwake.

Daftari la duka

Nje ya mji kulikuwa na mashamba makubwa, na humo ndimo walimokaa wengi. Mkulima mweusi aliyekosa ardhi aliingia mkataba wa kugawana mazao. Mwenye shamba alitoa ardhi, nyumba, nyumbu wa kulimia na mbegu. Mkulima alitoa nguvu zake na za mkewe na watoto. Mavuno yaligawanywa nusu kwa nusu.

Kwa maneno hayo mpango unaonekana wa haki. Tatizo lilikuwa kipindi cha kungoja. Kuanzia Machi, wakati wa kutayarisha mashamba, mpaka pamba ilipokomaa, mkulima hakuwa na kitu. Alikopeshwa chakula, nguo, mafuta ya taa na dawa, mara nyingi katika duka la shamba lenyewe, kwa bei ya juu na riba kubwa. Kila alichochukua kiliandikwa. Mwenye duka ndiye aliyeandika, na mara nyingi mkulima hakupewa nakala.

Uchumaji ulianza mwishoni mwa Agosti ukaendelea mpaka Novemba au zaidi. Mtu mzima hodari alichuma ratili 200 kwa siku, yaani kilo 90 hivi, huku akiburuta mfuko mrefu wa turubai begani. Ilihitajika pamba mbichi ya ratili 1,500 hivi kupata robota moja la ratili 500 baada ya kuchambuliwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito ni mbegu. Halafu, karibu na Krismasi, ilifika siku ya hesabu. Mkulima aliitwa ofisini, akasimama mbele ya meza, akaambiwa amepata kiasi gani au anadaiwa kiasi gani. Kuuliza swali ilikuwa sawa na kumwita mzungu mwongo, na jambo hilo liliweza kumgharimu mtu maisha yake.

Powdermaker aliandika kwamba, kwa makadirio ya mwenye shamba mmoja, wakulima waliopewa hesabu ya kweli hawakuzidi robo hivi ya wote. Waliobaki na deni walilazimika kukaa mwaka mwingine. Wengine walihama usiku, familia na vyombo juu ya gari la kukokotwa, wakajaribu bahati katika shamba jingine. Kila Desemba barabara za Delta zilijaa familia za namna hii.

Nyumba, chakula na maradhi

Nyumba ya mkulima ilikuwa kibanda cha mbao cha vyumba viwili au vitatu, kilichoinuliwa kidogo kutoka ardhini. Ndani, kuta zilibandikwa magazeti ili kuzuia upepo wa baridi. Maji yalitoka kisimani au kwenye pampu ya mkono, choo kilikuwa nje, na mwanga ulikuwa wa taa ya mafuta. Tusisahau kwamba mwaka 1935, serikali ya Marekani ilipoanzisha mpango wa umeme vijijini, katika nchi nzima nyumba moja tu ya mkulima kati ya 10 ndiyo iliyokuwa na umeme. Kwa weusi wa Mississippi hali ilikuwa mbaya zaidi.

Chakula kilikuwa unga wa mahindi, nyama ya nguruwe yenye mafuta iliyotiwa chumvi, na molasi. Katika mashamba mengine pamba ilipandwa mpaka mlangoni, kwa hiyo hapakubaki mahali pa bustani ya mboga. Matokeo yake yalikuwa pelagra, maradhi yanayochubua ngozi, kuharisha na hatimaye kuvuruga akili. Watu wengi waliamini kwamba ni ya kuambukiza. Mwaka 1915 daktari Joseph Goldberger alifanya jaribio katika shamba la gereza la Rankin, Mississippi: wafungwa waliojitolea, wakilishwa chakula kilekile cha maskini, walianza kuugua. Alikuwa amethibitisha kwamba chanzo ni chakula. Wanasiasa wengi wa Kusini hawakufurahi, kwa maana ikiwa chanzo ni chakula, basi dawa ni mshahara.

Malaria nayo ilikuwepo. Msomaji wa Afrika Mashariki atashangaa kusikia kwamba katika miaka ya 1930 Delta ilikuwa nchi ya homa, kwinini na madirisha yasiyo na wavu. Marekani ilitangazwa kuwa haina tena malaria mwaka 1951, baada ya kazi ya miaka mingi ya kukausha madimbwi, kuboresha nyumba na kupuliza dawa. Homa hiyo haikuwa tabia ya nchi wala ya watu. Ilikuwa hali ya maisha, na hali ilipobadilika, iliondoka.

Majina na heshima

Hapa sisi walimu wa lugha tuna la kujifunza. Mzungu wa Indianola hakumwita mtu mweusi kwa cheo cha heshima. Hakusema "Bwana" wala "Bibi" fulani, hata kama mtu huyo alikuwa mwalimu, mchungaji au daktari. Alimwita kwa jina lake la kwanza, au "kijana" hata kama ana mvi. Mzee alipotakiwa kupewa heshima kidogo aliitwa "mjomba", na mama mzee aliitwa "shangazi".

Kwetu sisi maneno mjomba na shangazi ni ya adabu. Ukimwita mzee usiyemjua "mjomba" sokoni, umemfanya ndugu. Kule, maneno hayohayo yalitumika ili kukwepa kusema "Bwana". Hivyo heshima haimo katika neno lenyewe. Imo katika uhusiano wa wanaoongea, na katika swali kama neno hilo linarudishwa. Mweusi hakuruhusiwa kumwita mzungu mzee "mjomba". Powdermaker alieleza jinsi alivyowashtua weupe wa mji kwa kumtaja mwanamke mweusi kwa cheo cha "Bibi" na jina la ukoo. Suala hili lilifika mpaka Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1963 Mary Hamilton alikataa kujibu maswali katika mahakama moja ya Alabama mpaka aitwe "Bi Hamilton", akaadhibiwa kwa kuidharau mahakama. Mwaka 1964 Mahakama Kuu ilifuta adhabu hiyo.

Posta ya Minnie Cox

Indianola ilikuwa na kumbukumbu ya siku ambapo mambo yalielekea kuwa tofauti. Minnie Cox, mwanamke mweusi msomi, alikuwa mkuu wa posta ya mji tangu mwaka 1891, kisha tena kuanzia 1897. Alisifiwa kwa kazi nzuri. Alitia simu ofisini kwa gharama yake ili watu waulize kama barua zao zimefika, na waliochelewa kulipia masanduku aliwalipia. Mwaka 1902 baadhi ya weupe walianza kudai aondoke, kwa sababu tu ya rangi yake. Vitisho vilipozidi aliandika barua ya kujiuzulu. Rais Theodore Roosevelt aliikataa, na Januari 1903 akaifunga posta yenyewe, huku Bibi Cox akiendelea kulipwa mshahara. Barua za mji zikawa zinapitia Greenville. Ofisi ilifunguliwa tena mwaka 1904, muda wake wa utumishi ulipokwisha, ikakabidhiwa mtu mwingine. Yeye na mumewe Wayne Cox walibaki kuwa watu wa biashara, wakaanzisha benki ya akiba ya watu weusi mjini humo.

Kwa nini ofisi ndogo ya posta izushe mgogoro wa kitaifa? Kwa sababu posta ni daftari la mji. Anayeishika anajua nani ameandikiwa na nani, na nani ametumiwa fedha kutoka Chicago. Wenye mji walitaka daftari hilo lirudi mikononi mwao.

Shule

Mtoto wa mkulima alisoma miezi michache kwa mwaka, kwa kuwa shule ilifungwa wakati wa palizi na wakati wa kuchuma. Darasa mara nyingi lilikuwa ndani ya kanisa. Fedha za umma zilizotumika kwa mtoto mweupe zilikuwa mara kadhaa ya zile za mtoto mweusi. Wazazi walijitahidi wenyewe. Kati ya mwaka 1912 na 1932 zilijengwa shule zipatazo 5,000 za watu weusi katika majimbo ya Kusini kwa msaada wa mfuko wa Julius Rosenwald, lakini sharti lilikuwa kwamba wenyeji nao wachange fedha, mbao au nguvu zao.

Kulikuwa pia na walimu wasafiri waliolipwa kutokana na mfuko wa Anna T. Jeanes. Walitembelea shule ndogo za vijijini wakifundisha usafi, bustani na ufundi pamoja na kusoma. Mpango huo ulivuka bahari. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, ambayo Dakta James Aggrey wa Gold Coast alikuwa mjumbe wake, ilizuru Afrika Mashariki, na mwaka 1925 Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete, Kenya. Kwa hiyo walimu wengi wa vijijini wa kizazi cha babu zetu walifundishwa kwa mfano uliotoka Kusini ya Marekani, pamoja na uzuri wake na ubaya wake. Uzuri wake ni kumjali mwanakijiji. Ubaya wake ni kudhani kwamba mwanakijiji atabaki kijijini milele, hivyo elimu ya jembe yamtosha.

Jumamosi

Si haki kueleza mji huu kwa huzuni tupu. Jumamosi watu wa mashamba walikuja mjini, na mitaa ikafurika. Walinunua, walisalimiana, walitafuta wachumba, walisikia habari. Jumapili ilikuwa ya kanisa, na kanisa ndiyo mahali pekee ambapo mtu mweusi alikuwa mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Yaani, daftari lilikuwa lake. Katika miaka ya 1940 kijana mmoja dereva wa trekta alikuwa akipiga gitaa kwenye kona ya barabara mjini. Baadaye alisimulia kwamba alipoimba nyimbo za dini watu walimsifu, lakini alipoimba blues walimpa fedha. Kijana huyo alikuwa B.B. King, aliyefariki mwaka 2015. Makumbusho yake yalifunguliwa Indianola mwaka 2008, na sehemu yake ni jengo la zamani la kuchambulia pamba.

Daftari la wapiga kura

Katiba ya Mississippi ya mwaka 1890 iliweka vikwazo viwili vikubwa kwa mpiga kura. Kimoja kilikuwa kodi ya kichwa ya dola 2 kwa mwaka. Jina hilo tunalijua vizuri, ingawa kwetu kodi ya kichwa ilitozwa kwa nguvu, na kule ilikuwa kizingiti cha kuzuia watu. Kingine kilikuwa mtihani wa kusoma au kufasiri kifungu cha katiba, na msahihishaji alikuwa karani wa uandikishaji. Mwaka 1964, katika Mississippi nzima, weusi walioandikishwa hawakufika 7 kati ya kila 100 wenye umri wa kupiga kura.

Mwaka 1954, miezi miwili tu baada ya Mahakama Kuu kuharamisha ubaguzi mashuleni, weupe wa Indianola waliunda Baraza la Raia, la kwanza la aina yake. Silaha yake kuu ilikuwa ileile ya daftari: anayedai haki ananyimwa mkopo, anafukuzwa kazi, anatolewa nyumbani.

Tarehe 31 Agosti 1962, watu 18 walipanda basi kutoka mji jirani wa Ruleville kwenda Indianola kujiandikisha. Miongoni mwao alikuwa Fannie Lou Hamer, mtoto wa mwisho kati ya 20, aliyeanza kuchuma pamba akiwa na miaka 6. Karani alimpa kifungu cha sheria akifasiri. Alishindwa. Wakati wa kurudi polisi walilisimamisha basi na dereva akatozwa faini, eti rangi ya basi ni ya manjano mno. Jioni hiyohiyo mwenye shamba alimtaka aondoe ombi lake la kujiandikisha. Alikataa, akafukuzwa katika shamba alilolifanyia kazi miaka 18. Msomaji akumbuke kwamba huko shambani Bibi Hamer alikuwa karani wa kuandika muda wa kazi za wenzake. Alijua daftari ni nini. Alirudi Indianola kufanya mtihani tena, na Januari 1963 akafaulu. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ilipitishwa mwaka 1965, na kufikia mwaka 1967 walioandikishwa Mississippi walikuwa zaidi ya nusu.

Hitimisho

Mashine ya kuchuma pamba, iliyoonyeshwa mwaka 1944 katika shamba la Hopson karibu na Clarksdale, pamoja na dawa za magugu, ziliwaondoa wakulima wa kugawana mazao. Wengi walikwenda Chicago na miji mingine ya Kaskazini. Waliobaki wameendelea kupigania mambo yao. Mwaka 1986 wazazi weusi wa Indianola waligomea shule na maduka mpaka mwalimu mweusi akateuliwa kuwa mkuu wa elimu. Jengo la posta leo lina jina la Minnie Cox. Hata hivyo umaskini haujaisha: sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu chini ya 10,000, na vijana bado wanahama.

Namalizia na jambo ambalo wanafunzi wangu walilipenda kuliko yote. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Bibi Hamer alianzisha wilayani Sunflower benki ya nguruwe. Familia ilipewa nguruwe jike, na akizaa, baadhi ya watoto walirudishwa ili familia nyingine ipate. Darasa lilinyamaza kidogo, kisha yule mwanafunzi aliyeuliza kama Marekani kuna vijiji akasema, "Mwalimu, hiyo si kopa ng'ombe lipa ndama? Hata kwetu ipo." Nikamwambia ndiyo, ipo. Nikamuuliza, katika kikundi cha kwao ni nani anayeandika daftari. Akajibu kwamba ni mama yake.